Hifadhi Hai ya Usambara Mashariki: Kanda Tatu na Nafasi ya Mwananchi

Wananchi wengi wasikiapo "hifadhi hai" hudhani ni msitu uliofungwa, usioruhusiwa kuingiwa na mtu. Sivyo. Hifadhi hai ni eneo linalotambuliwa na UNESCO chini ya Programu ya Binadamu na Hifadhi Hai, iliyoanzishwa mwaka 1971, ili uhifadhi wa viumbe na maisha ya watu viende pamoja. Utambuzi huo hauhamishi umiliki wa ardhi. Sheria zinazotumika ni za nchi yenyewe. Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ilitambuliwa mwaka 2000.

Hifadhi hai hugawanywa katika kanda tatu:

1. Kanda ya kiini. Hulindwa kikamilifu kisheria. Hapa pamo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Humo huishi viumbe adimu, wakiwemo vyura wanaozaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Utafiti na matembezi ya utalii huruhusiwa kwa utaratibu.

2. Kanda kinga. Hukizunguka kiini na kukipunguzia misukosuko. Shughuli zinazokubalika ni zile zisizoudhuru msitu, kama vile mafunzo, utafiti na matumizi yenye mpango.

3. Kanda ya mpito. Hapa ndipo penye vijiji, mashamba ya chai, iliki, mdalasini na pilipili manga. Wapo pia wafugaji wa vipepeo, ambao huuza mabuu yaliyokwisha kujifunga. Kwa kuwa kipepeo hutegemea mimea ya msituni, mfugaji huyo anayo sababu ya kuulinda msitu.

Kwa nini kiini pekee hakitoshi? Msitu uliozingirwa na mashamba pande zote huwa kama kisiwa: wanyama wachache waliomo huzaliana wao kwa wao, hudhoofika, na hatimaye hutoweka. Ndiyo maana misitu huunganishwa kwa ushoroba. Ushoroba wa Derema huiunganisha Amani na misitu ya kaskazini yake. Ili utengwe, wakulima waliokuwa na iliki ndani yake waliacha mashamba yao na kulipwa fidia.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Msitu wa milimani huhifadhi vyanzo vya Mto Zigi, ambao maji yake hunywewa katika Jiji la Tanga. Faida huwafikia watu wengi walio mbali, lakini gharama humwangukia kwanza jirani wa msitu. Mgawanyo wa kanda hudumu pale tu jirani huyo anaposhirikishwa kabla mpaka haujachorwa.

Kwa hiyo, kila mkazi aujue mpaka wa msitu ulio karibu naye na shughuli zinazoruhusiwa humo. Ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji unapojadiliwa mpango wa matumizi ya ardhi. Aidha, akumbuke kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kijiji kutenga msitu wake na kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Haki hiyo haina nguvu isipotumiwa.