Ukweli kwa Staha: Mrejesho Anaostahili Mwenye Nyumba Inayoandaliwa kwa Mauzo

Baadhi ya wapambaji wa nyumba na madalali hutoa huduma ya kuandaa nyumba kabla ya kuuzwa. Mtoa huduma huikagua nyumba, kisha humshauri mwenye nyumba nini kiondolewe, nini kihamishwe, nini kirekebishwe na nini kiachwe kilivyo, ili mnunuzi akiingia aione nyumba yenyewe na si wingi wa vitu vilivyomo. Nchini Marekani kazi hii ilianza kujulikana kwa jina lake katika miaka ya 1970, na anayetajwa sana kuwa mwasisi wake ni Barb Schwarz wa jimbo la Washington.

Somo hili linahusu sehemu iliyo ngumu zaidi katika huduma hiyo, yaani mrejesho: maneno ambayo mtoa huduma humwambia mwenye nyumba baada ya ukaguzi. Tunawaandikia wenye nyumba ili wautambue mrejesho mzuri na wajue namna ya kuudai. Tunawaandikia pia watoa huduma, kwa kuwa mlaji anayelipia ushauri ana haki ya kuambiwa ukweli, na ana haki ya kuambiwa pasipo kudhalilishwa.

Kwa nini mrejesho huu ni mgumu

Mtu anayeuza gari akiambiwa kuwa rangi yake imefifia, hujibu bila kinyongo. Lakini anayeambiwa kuwa sebule yake imejaa mno huweza kuhisi kuwa yanayohukumiwa ni usafi wake, kipato chake na malezi ya wanawe. Nyumba imebeba maisha ya watu. Kwa sababu hiyo watoa huduma wengine hukimbilia mojawapo ya njia mbili mbaya.

Njia ya kwanza ni ukali. Mteja akishaumizwa husikia matusi tu, na ushauri uliokuwa na manufaa hupotea pamoja nayo. Njia ya pili ni kusifu kila kitu. Hii huonekana kuwa adabu, lakini ina gharama: mteja amelipia ukaguzi, hakuambiwa kasoro, na mnunuzi wa kwanza atakayeiona ataitumia kushusha bei. Staha inayomnyima mlaji taarifa aliyoilipia haimfai kitu.

Sehemu 4 za mrejesho mzuri

Mrejesho unaofaa una sehemu 4. Kwanza, hutaja kitu mahususi badala ya kumhukumu mtu. Pili, hutoa sababu kwa kueleza mnunuzi ataona nini. Tatu, hupendekeza hatua inayotekelezeka. Nne, hutaja gharama na kumwachia mwenye nyumba uamuzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mstaafu na mkewe wanauza nyumba yao ya vyumba 3 jijini Tanga ili wahamie Dodoma kwa mtoto wao. Nyumba hiyo ndiyo akiba yao kubwa. Sebule ina seti 2 za makochi na kabati kubwa la vyombo lililoziba nusu ya dirisha. Ukutani kuna picha za mahafali ya watoto na maandishi ya dini. Chumba cha nyuma kina ukuta wenye unyevu, na rangi yake inabanduka.

Mtoa huduma asiye na busara angesema: "Sebule yenu imekuwa kama stoo." Maneno hayo hayasemi nini kifanyike, na yanawavunjia heshima watu walio na umri wa wazazi wake. Mwenye busara angesema: "Mzee, na wewe Mama, sebule hii ni pana, lakini mtu akisimama mlangoni hauoni upana wake kwa sababu kabati limeziba dirisha. Tukilihamishia chumba cha pili na kuweka seti moja ya makochi kwa jirani au ndugu, mwanga utaingia. Kazi hiyo inahitaji vijana 2 wa kubeba, haihitaji kununua chochote. Mnaonaje?"

Jambo lilelile limesemwa bila kupunguzwa. Tofauti ni kwamba kauli ya pili imezungumzia kabati na dirisha, imetaja jambo jema lililo la kweli, na imeishia kwa swali ambalo wenye nyumba wana uhuru wa kulijibu watakavyo.

Tahadhari moja kuhusu sifa. Sifa inayotangulizwa ili kulainisha maneno machungu hufaa ikiwa ni ya kweli tu. Mteja akigundua kuwa amesifiwa kwa mazoea, hataamini sifa wala kasoro itakayofuata.

Vitu vyenye uzito moyoni

Picha za familia, maandishi ya dini na kumbukumbu za marehemu havihesabiwi kama makochi. Mtoa huduma anaweza kupendekeza vihifadhiwe wakati wa maonyesho, ili mnunuzi aweze kuifikiria familia yake mwenyewe ndani ya nyumba hiyo. Lakini aanze kwa kuuliza: "Je, kuna kitu ambacho mngependa kisiguswe?" Jibu likishatolewa, liheshimiwe. Asiviondoe kwa mikono yake bila ruhusa, wala asivikusanye pamoja na vitu vinavyotupwa.

Ni muhimu pia mrejesho utolewe mbele ya wote wanaohusika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kumpa mume ushauri sebuleni huku mke akiwa jikoni ni kukosa adabu, na ni kupoteza muda pia, kwani uamuzi si wa mtu mmoja.

Mpaka kati ya kupamba na kuficha

Turudi kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Hapa ndipo tunapoona malalamiko yanapoweza kuzaliwa. Kuna mtoa huduma atakayesema kwa upole kabisa: "Hilo dogo, Mzee. Tutapaka rangi na kusogeza kabati hapo." Lugha yake ni ya staha, lakini ushauri wake ni wa hatari.

Unyevu hautibiwi kwa rangi. Maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia msingi usio na kizuizi cha unyevu hubeba chumvi. Maji yakikauka, chumvi hubaki ukutani na kuisukuma rangi mpaka ibanduke. Rangi mpya huficha alama kwa muda, kisha alama hurudi. Kabla ya kununua hata ndoo moja ya rangi, fundi anapaswa kujua maji yanatoka wapi: paani, kwenye bomba lililopasuka, au ardhini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ukuta huu unawathibitisha.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na dalali au mpambaji anayelipwa yumo katika biashara. Sheria ya Mikataba nayo inahesabu kuficha jambo kwa makusudi ya kumdanganya mwenzako kuwa ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Wazee wetu wa Tanga wangeweza kujikuta Dodoma, fedha zimekwisha kutumika, huku mnunuzi akidai arudishiwe zake.

Mrejesho sahihi ungekuwa huu: "Mzee, ukuta huu una unyevu. Sishauri tuufunike. Mwiteni fundi atafute chanzo chake na awaandikie gharama. Mkiweza kutengeneza, tengenezeni. Msipoweza, mwelezeni mnunuzi na mlizingatie jambo hilo katika bei." Ni maneno mazito, lakini ndiyo yanayowalinda.

Haki zako unapopokea mrejesho

Kabla ya ukaguzi, kubaliana na mtoa huduma kwa maandishi kuhusu kazi atakayofanya na malipo yake. Baada ya ukaguzi, mwombe orodha iliyoandikwa, yenye mapendekezo yaliyopangwa kwa makundi 3: yasiyo na gharama, yenye gharama ndogo, na yanayohitaji fundi. Dai risiti kwa kila malipo.

Ukisikia pendekezo usiloelewa, uliza: "Mnunuzi ataona nini hapa?" Mtoa huduma anayeijua kazi yake atajibu kwa kuonyesha kitu. Asiyekuwa na jibu huenda anakuuzia mapazia, zulia au samani ambazo ana faida nazo. Basi uliza pia iwapo atalipwa chochote na duka au fundi anayemsifia.

Nawe ukiwa na jambo lililokuudhi, lieleze kwa kanuni zilezile. Badala ya kusema "Umenidharau," unaweza kusema: "Uliposema sebule ni kama stoo mbele ya wageni, niliona aibu. Naomba tuzungumze mambo haya tukiwa peke yetu." Kauli hiyo inataja tendo na inaomba jambo linalowezekana.

Zoezi

1. Geuza kauli hii iwe mrejesho wenye sehemu 4: "Jiko lenu linanuka moshi."

2. Dalali anamshauri mwenye nyumba asitaje kuwa maji hujaa uani wakati wa masika. Je, huo ni ushauri wa kupamba au wa kuficha? Eleza sababu.

3. Ingia katika nyumba yako kupitia mlango wa mbele kana kwamba ni mara ya kwanza. Andika vitu 3 ambavyo mgeni angeviona kabla ya wewe kumkaribisha kiti. Kwa kila kimoja, jiulize kama ungependa uambiwe, na kwa maneno gani.