Kuona Kina cha Jeraha: Nafasi ya Picha katika Kupima Majeraha ya Moto

SOMO LA KAMATI ZA PAROKIA NA WAFADHILI WA HUDUMA ZA AFYA



Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuungua, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Walio wengi zaidi hupona, lakini baadhi yao hubaki na ulemavu. Katika familia zetu wanaoumia mara kwa mara ni watoto wadogo: sufuria ya uji imeanguka, chai imemwagika, mtoto ameangukia mafiga au kibatari kimeshika neti.

Kamati za parokia huombwa kusaidia wagonjwa hawa, na wafadhili huuliza wanunue kifaa gani. Siku hizi kuna vifaa vya picha vinavyosaidia kupima majeraha ya moto. Somo hili linaeleza vinafanya nini, vinaishia wapi, na kamati ijiulize nini kabla ya kutoa fedha.

1. Swali ambalo tabibu lazima alijibu

Mgonjwa wa moto akifika, tabibu hutafuta mambo mawili: ukubwa wa eneo lililoungua na kina cha jeraha.

Eneo hupimwa kwa njia rahisi. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. Kwa mtu mzima hutumika pia kanuni ya tisa, iliyoenezwa na daktari Wallace wa Uingereza mwaka 1951: mkono mmoja ni asilimia 9, mguu mmoja ni 18. Kwa mtoto hesabu hubadilika kwa sababu kichwa chake, kikilinganishwa na mwili wake, ni kikubwa kuliko cha mtu mzima, na ndiyo maana hospitali hutumia chati ya Lund na Browder ya mwaka 1944.

Kina ndicho kigumu. Jeraha lililogusa tabaka la juu tu hupona kwa siku chache. Lililoingia kidogo katika tabaka la pili hupona lenyewe ndani ya wiki 2 hadi 3. Lililozama zaidi huchelewa, na likipita wiki 3 bila kufunga, mara nyingi huacha kovu nene. Kovu hilo likiwa kwenye kiungo huvuta: vidole hukunjamana, kiwiko hakinyooki, kidevu hushikana na kifua. Mgonjwa huyo angefaidika kwa kupandikizwa ngozi mapema.

Kwa hiyo kukosea kuna hasara pande zote mbili. Mtoto ambaye angepona mwenyewe akifanyiwa upasuaji, ameumizwa bure na familia imegharamika. Aliyehitaji upasuaji akiachwa, huenda akakosa kuitumia sawasawa mikono yake.

2. Jicho lina mipaka

Tabibu huangalia rangi ya jeraha, unyevu wake na malengelenge. Hulibonyeza aone kama damu inarudi, na hupima kama mgonjwa anahisi maumivu. Jeraha la juu kabisa na lile lililokula ngozi yote hutambulika bila shida. Tatizo ni majeraha ya katikati. Tafiti zimeonyesha kwamba hata madaktari bingwa, wakitumia macho na mikono peke yake, hupatia kina cha majeraha hayo kwa takriban asilimia 60 hadi 75 tu. Tena jeraha la moto hubadilika katika siku 2 au 3 za mwanzo. Lililoonekana jepesi Jumatatu linaweza kuwa limezama Jumatano. Na katika ngozi nyeusi, wekundu wa pembeni hauonekani kwa urahisi.

3. Jinsi vifaa vya picha vinavyofanya kazi

Vifaa hivi vimejengwa juu ya wazo moja: palipo na damu inayotembea, pana uhai, na ngozi inaweza kuota tena.

Kamera ya joto. Hii husoma joto linalotoka mwilini. Sehemu iliyoungua sana huwa ya baridi kuliko ngozi nzima iliyo jirani, kwa sababu mishipa yake midogo ya damu imekufa. Watafiti walianza kuijaribu katika miaka ya 1960. Udhaifu wake ni kwamba upepo, joto la chumba na unyevu wa kidonda huweza kupotosha vipimo.

Leza Dopla. Mashine hii humulika jeraha kwa mwanga hafifu wa leza bila kuligusa. Mwanga ukikutana na chembe za damu zinazotembea hurudi ukiwa umebadilika kidogo, na mashine huchora ramani ya rangi. Nyekundu huonyesha damu nyingi, yaani jeraha litapona mapema. Buluu huonyesha damu kidogo, yaani huenda likahitaji kupandikizwa ngozi. Ikitumiwa kati ya saa 48 na siku ya tano baada ya kuungua, usahihi wake katika tafiti nyingi umepita asilimia 90. Mwaka 2011, taasisi ya NICE inayoshauri huduma za afya za Uingereza iliunga mkono matumizi yake kwa majeraha ambayo kina chake kina mashaka.

Lakini mashine ya aina hii hugharimu makumi ya maelfu ya pauni, huhitaji mtaalamu wa kuisoma na mgonjwa anayetulia. Maambukizi kwenye kidonda huweza kuidanganya.

4. Kamera iliyo karibu nasi

Kwa zahanati ya parokia, kifaa cha picha chenye faida ya haraka ni simu ya kawaida yenye kamera nzuri. Simu haioni mtiririko wa damu, lakini hufikisha jeraha mbele ya macho ya bingwa aliye mbali. Afrika Kusini kuna programu ya simu iitwayo Vula, iliyoanza mwaka 2014 kwa wagonjwa wa macho na baadaye ikapanuliwa kwa fani nyingine, yakiwemo majeraha ya moto. Mhudumu hutuma picha na maelezo. Bingwa hujibu kama mgonjwa abaki, apewe dawa gani, au asafirishwe.

Picha ya kusaidia hupigwa hivi:

• Jeraha liwe limepozwa na kusafishwa. Majivu, dawa ya meno, unga na dawa ya zambarau huficha kidonda kisionekane kwa jicho wala kwa kamera. Tuwafundishe wazazi wasipake chochote. Wapoze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha wamfunike mtoto asipate baridi.
• Tumia mwanga wa mchana kando ya dirisha. Weka kitambaa cha rangi moja chini na rula pembeni.
• Piga picha mbili: moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, nyingine ya karibu, simu ikiwa imeelekea jeraha moja kwa moja.
• Andika umri, uzito, saa ya kuungua, kilichomuunguza na kiasi cha eneo.
• Omba ridhaa ya mgonjwa au mzazi kwanza. Usionyeshe uso kama haukuungua, na tumia namba badala ya jina.

5. Yale ambayo picha haiyaoni

Picha haionyeshi moshi uliovutwa kifuani. Haionyeshi mwili unaopungukiwa maji. Haionyeshi madhara ya umeme, ambao huweza kuacha alama ndogo juu huku nyama za ndani zimeungua. Mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10, mtu mzima zaidi ya asilimia 15, aliyeungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, na aliyeungua kwa umeme au kemikali, huyo apewe huduma ya kwanza na kupelekwa hospitali. Asicheleweshwe kwa kusubiri jibu la ujumbe.

6. Kwa kamati na wafadhili

Katika mfano wa Msamaria Mwema (Luka 10), yule msafiri aliona, akakaribia, akafunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, kisha akalipa gharama za nyumba ya wageni. Kuona kulikuwa hatua ya kwanza tu. Vivyo hivyo, mashine ya leza hufaa katika hospitali kubwa yenye mpasuaji, chumba cha upasuaji na vifaa vya kupandikiza ngozi. Mahali pasipo na hayo itamwambia mama kwamba mtoto wake anahitaji upasuaji ambao haupo. Huko fedha hiyo hiyo ingefaa zaidi kwa maji ya bomba zahanati, bendeji, dawa za maumivu, simu ya zahanati na mfuko wa nauli ya rufaa.

Kwa wafadhili tunaongeza neno moja. Tunajua picha za watoto walioungua huvuta michango. Hata hivyo, picha iliyopigwa kwa ajili ya tiba ni ya tiba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, heshima ya mtoto huyo ni amana tuliyokabidhiwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtoto akiungua usiku katika jumuiya yetu, nani ana usafiri, na nauli inatoka wapi?
2. Zahanati yetu ina namba ya bingwa wa hospitali ya rufaa? Nani atapokea majibu?
3. Picha za wagonjwa zikitumwa zinahifadhiwa wapi, na nani anazifuta?
4. Tukipewa kifaa kipya, nani atakitengeneza kikiharibika?
5. Tufanye nini robo hii ili mafiga na vibatari viwe mbali na watoto?

Majibu ya kamati yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na kuletwa kwa mratibu wa afya.