Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kila mwanafunzi aifahamu methali isemayo kwamba mgeni ni mgeni siku mbili, na siku ya tatu mpe jembe. Walimu hutuambia kuwa maana yake ni kukataza uvivu. Ni kweli, lakini mimi naona imo maana nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba jembe ndilo limtoalo mgeni katika ugeni. Asiyepewa jembe siku ya tatu atakuwa mgeni siku ya nne, na mwaka wa nne pia. Katika makala haya nataka tutazame habari za wageni wakaao, si wapitao. Yaani watu waliokwenda nchi ya wenyewe, wakala humo, wakalala humo, wakaugua humo. Nami nitawauliza wote swali moja tu: kwa siku moja, mtu huyu ahitaji kubisha mlango wa nani?

Kwanza tuwaondoe wapitao. Ukitoka Bujumbura kwa njia ya kusini iendayo Rumonge, utafika Mugere, penye jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi wetu tumepelekwa kuliona, na wengine hurudi nyumbani wakisema ati hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, ndipo wakaja kwa mtumbwi kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona unaingia. Hapo Mugere walikaribishwa na mtawala aliyeitwa Mukamba, Stanley akapatwa na homa, wakalala siku mbili, wakaenda zao. Wageni wa siku mbili kamili! Methali haina neno nao.

Sasa tuje Kibenga, mtaa ambao mimi naishi kwa mjomba wangu. Uko kusini ya jiji, kati ya milima na ziwa. Zipo nyumba nyingi zenye kuta ndefu na malango ya chuma, na katika baadhi ya nyumba hizo wakaa wageni: watumishi wa Umoja wa Mataifa, wa mashirika ya misaada, walimu, wafanya biashara. Nimepata kuwaangalia kwa muda, maana njia yangu ya shule yapita hapo, na mzamu wa nyumba mojawapo ni mtu wa kwetu.

Mgeni wa namna hii hana ubaya. Hulipa vizuri, husalimu akikusalimu, na maneno kama “amahoro” na “urakoze” huyajua. Lakini tazama siku yake. Maji yakikatika, lipo tangi. Umeme ukizimika, ipo mashine uani. Nyanya na mukeke huletwa na mpishi. Njia aijua dereva. Lango hufunguliwa na mzamu kabla honi haijalia mara ya pili. Kila haja yake imekwisha kupewa mtu wa mshahara, basi tangu asubuhi hata usiku hakuna mlango hata mmoja ambao lazima aubishe. Yule mpishi ajua bwana wake apenda nini na achukia nini, ajua siku alipopata barua mbaya. Lakini bwana hajui mpishi atoka mlima gani. Mimi sisemi kuwa ni kosa la moyo wake. Ungempeleka Mrundi yeyote katika nyumba ile, ukampa tangi, mashine na dereva, naye angeishi vivyo hivyo. Nao matajiri wa kwetu waishio mtaa huohuo wana kuta ndefu kama zake. Tofauti ni kwamba wao, harusi na msiba huwatoa nje wapende wasipende.

Nina ushahidi juu ya jambo hili. Mwaka 1924 haukuwa na magari mengi hapa, lakini mwaka 2024 yalikuwapo mengi na petroli ikaadimika sana. Magari yalilala foleni vituoni siku baada ya siku. Mgeni mmoja wa mtaa wetu akaanza kwenda kwa miguu. Siku za kwanza watoto walimfuata wakipiga kelele, “Muzungu! Muzungu!” naye akaenda mbio kama mtu aliyenyeshewa mvua. Baada ya majuma matatu hivi, mama mmoja auzaye matunda penye kona alikuwa amezoea kumwekea maparachichi. Siku moja nilimwona mama huyo akimgombeza mbele ya watu kwa sababu alipita na mfuko wa maparachichi ya mahali pengine. Yule bwana alisimama akijitetea kwa Kirundi kibovu kabisa, watu wakicheka. Kwa maoni yangu, siku ile alikabidhiwa jembe. Hakuna amgombezaye mgeni wa siku mbili.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa mgeni hakuwa na duka wala dereva. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na mwezi wa Mei 1881 watu watatu wa misioni hiyo waliuawa, ikaachwa. Misheni iliyodumu ni ya Muyaga, upande wa mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1898, kisha ikafuata Mugera mwaka 1899. Kwa sheria ya Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika lao mwaka 1868, iliwapasa kusema lugha ya watu waliokaa nao. Tunda mojawapo la sheria hiyo laonekana mpaka leo: mwaka 1903 Padri van der Burgt, Mholanzi, alitoa kamusi kubwa ya Kifaransa na Kirundi, na ndani yake aliweka pia maana za Kiswahili na Kijerumani. Hebu fikiri namna kamusi ya kwanza ya lugha inavyotungwa. Huwezi kuitunga ukiwa chumbani. Hapana budi uulize jina la chungu, la mpini, la kamba ya ng’ombe, la mrija wa kunywea pombe ya mtama, ambao wenyewe huuita umuheha. Tena umwulize mtu ambaye ana kazi yake na huenda amechoka na maswali. Kuuliza jina la kitu ni namna ya kubisha mlango.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Katika vijiji vya Isaan, kaskazini mashariki ya Thailand, wapo wazungu wengi waliooa huko na kukaa. Sheria ya Thailand haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, isipokuwa kwa njia nyembamba sana, kwa hiyo mara nyingi nyumba aliyoijenga mzungu kwa fedha zake husimama juu ya ardhi ya mke wake au ya wakwe. Tena mgeni akaaye huko kwa viza ya muda mrefu hupaswa kujulisha makao yake idara ya uhamiaji kila siku 90. Mtu huyo anaweza kuwa na fedha kuliko kijiji kizima, lakini akigombana na mkwewe hana pa kusimama. Basi hujifunza upesi namna ya kumsalimu mkwe.

Mpaka hapa nimesema juu ya wageni wenye fedha. Lakini wageni wengi wa dunia hii ni maskini, na mimi ni mjukuu wao.

Mwaka 1972, mauaji yalipoenea Burundi, bibi yangu mzaa mama alivuka ziwa usiku akashuka Kigoma. Yeye na wengi wengine wakapelekwa Katumba, karibu na Mpanda, mahali palipokuwa pori. Makazi mengine yalikuwa Ulyankulu katika Tabora, na baadaye Mishamo. Serikali ya Tanzania na mashirika yaliyoisaidia yaliwapa ardhi, majembe, mbegu, na chakula mpaka mavuno yao yafike. Unaona methali ilivyotimizwa neno kwa neno! Na Warundi walilima kweli. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza mahindi na maharagwe kwa watu wa nje.

Bibi asema kuwa jambo lililomshangaza kuliko miti na simba ni mistari. Kwetu Burundi hatukuwa na vijiji vya namna ile. Kila jamaa alikaa katika rugo lake juu ya mlima wake, na jirani alimwona kwa moshi tu. Kule Katumba nyumba zilipangwa kandokando ya njia zilizonyoka, hata ukikohoa usiku jirani akuulize asubuhi kama umepona. Ilimchukua mwaka mzima kuzoea. Watoto wakasoma kwa Kiswahili, naye mama yangu mmoja wao. Ndiyo sababu mimi nami naweza kuandika ukurasa huu.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililopunguza thamani ya jembe lile. Ili mkimbizi atoke nje ya makazi alihitaji kibali. Kwa hiyo kila mlango alioubisha bibi, wa chumvi, wa moto, wa mkunga, ulikuwa mlango wa Mrundi mwenziwe. Jembe walipewa, bali mwenyeji hawakupewa. Walikaa Tanzania miaka mingi wakiizungumza Burundi kila jioni.

Dada yake bibi hakupelekwa. Alijificha Kigoma mjini, akauza dagaa, akapanga chumba kwa Mmanyema, akajifunza kuvaa kanga kama wenyeji. Akiulizwa kabila husema yeye ni Muha, nalo si gumu kusadikika kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Kwa muda mrefu niliyadhani hayo kuwa mambo ya ukoo wetu tu. Kumbe mtaalamu mmoja, Liisa Malkki, alikwenda katika miaka ya 1980 akawatazama wakimbizi wa Mishamo na wale wa Kigoma mjini, na kitabu chake cha mwaka 1995 chaeleza tofauti hiyohiyo: wa makazini walijishika kuwa taifa lililo uhamishoni, wa mjini wakachanganyika na wenyeji, wakabadili majina na desturi kadiri ya haja zao. Watu ni wale wale, waliotoka nchi moja mwaka mmoja. Kilichowatenga ni milango waliyoibisha.

Bibi na dada yake walipokutana baada ya miaka zaidi ya 30, walibishana usiku kucha. Bibi akamwambia, “Wewe umeuza jina lako.” Mwenzake akajibu, “Nawe umelihifadhi porini likaliwa na mchwa.” Mama aliyasikia akiwa chumba cha pili, akanisimulia. Mimi siwezi kuamua nani alishinda. Nionavyo, dada alipata maisha mepesi zaidi, lakini aliyalipia kwa kuogopa kila alipokuwa na hasira, asije akalia kwa Kirundi cha kwao.

Mwaka 2007 Tanzania iliamua kuwapa wakimbizi hao wa 1972 hiari ya kuomba uraia au kurudi. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, ingawa hati zilianza kutolewa mwaka 2014. Zaidi ya 50,000 walirudi Burundi. Bibi alirudi mwaka 2008, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, tukafikia karibu na Nyanza-Lac.

Hapo ndipo ugeni ulipokuwa mgumu kuliko wote, maana alikuwa mgeni nyumbani. Watu walituita Watanzania. Kirundi cha bibi kilikuwa cha mwaka 1972, na mama alikichanganya na Kiswahili katika kila sentensi. Shamba la babu lilikuwa likilimwa na mama mwingine, ambaye naye hakuliiba. Alipewa, akazalia watoto wake humo. Siku ya tatu bibi akaenda kwa mama huyo akamwomba amwazime jembe. Jembe alikuwa nalo! Lilikuwa katika mzigo wake, amelitoa Katumba, bado lina udongo wa huko. Mama yangu alipomwuliza sababu, bibi akamwambia, “Jembe langu halina jirani.” Mama yule akampa bila kusema neno, jembe lenye mpini uliolegea. Bibi akalitia kabari, akalima kipande kidogo kando ya nyumba, akalirudisha jioni.

Shauri la shamba halikwisha siku ile wala mwaka ule. Lilizungumzwa mbele ya wazee mara nyingi, maneno makali yakatoka pande zote mbili, na mwisho likagawanywa nusu kwa nusu. Bibi hakuridhika, wala yule mama hakuridhika. Hata hivyo waazimana majembe mpaka sasa, na shangazi yangu alipoolewa, yule mama ndiye aliyeleta chungu cha kwanza cha pombe.

Basi naleta ombi kwa kaka zetu waliomaliza shule hii na ambao leo ni wageni katika nchi za watu, Ubelgiji, Kanada, Kenya na kwingineko. Tuandikieni katika ukurasa huu mtueleze siku moja ya kawaida: mliamka saa ngapi, nani aliyewasalimu kwanza, mlikosa kitu gani, na mlikwenda kukiomba kwa nani.