KULIPIMA BEGA KWA KIPIMAMWENDO

Kila msimu wa michezo twaona mtupa mkuki au mlinda mlango aliyeteguka bega. Baada ya majuma machache maumivu hupungua, naye hutaka kurudi uwanjani upesi. Je, bega lake limepona kweli? Swali hili si dogo, maana kijana ambaye bega lake limewahi kutoka mahali pake yumo katika hatari kubwa ya kuliona likitoka tena.

Kwanza tulijue bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama chungwa, nacho hukaa katika kishimo kisicho na kina, mithili ya kisahani. Ndiyo sababu mkono huweza kuzunguka pande zote. Na ndiyo sababu pia huteguka kwa urahisi. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni kano, pamoja na misuli minne inayolikumbatia. Tena kishimo hicho ni sehemu ya kombe la mkono, yaani ule mfupa bapa wa mgongoni, nalo pia hutembea. Mwaka 1944 Inman na wenziwe wa Marekani walieleza kwamba, kwa wastani, kiungo kikienda digrii mbili, kombe hugeuka digrii moja. Basi mkono ukiinuliwa digrii 180, kiasi cha 120 hutoka kiungoni na 60 katika kombe. Misuli ikidhoofika, ulinganifu huu huweza kuharibika.

Jicho la daktari huona kasoro kubwa, ila la nusu sekunde laweza kulipita. Hapo ndipo kinapofaa kipimamwendo. Hicho ni kidude chepesi kinachofungwa mwilini: kimoja kifuani, kimoja juu ya kombe, kimoja juu ya kiwiko. Ndani yake mna akselerometa, inayotambua mabadiliko ya mwendo na upande wa uvutano wa dunia. Mna pia jairoskopu, inayopima digrii ngapi zimegeuka kwa sekunde. Kompyuta huvilinganisha na kupata pembe. Mchezaji huinua na kushusha mkono mara kadhaa, kwanza ule mzima, kisha ulioumia. Hutazamwa mambo matatu:

(a) Mkono wafika wapi?
(b) Kombe lafuatana nao, au latangulia?
(c) Mkono washuka taratibu, au watetemeka?

Hata hivyo kifaa kina mipaka yake. Tuseme jairoskopu ina kosa la digrii 0.1 kwa sekunde. Kwa dakika moja kosa litakuwa 0.1 × 60 = digrii 6. Kwa hiyo kompyuta hulipunguza kwa msaada wa akselerometa, inayojua chini ni wapi. Tena ngozi huteleza juu ya kombe, hasa mkono ukiwa juu sana. Wala kifaa hakipimi maumivu, hofu, au kano iliyochanika ndani. Hesabu yake ni shahidi, si hakimu. Daktari hana budi kupima nguvu na kulishika bega kwa mikono yake.

Basi wewe mchezaji, usirudi uwanjani kwa sababu tu maumivu yamekwisha. Bega lisilouma si lazima liwe bega imara.

MASWALI
1. Mkono ukiinuliwa digrii 90, kombe hugeuka kiasi gani kwa wastani?
2. Kosa la digrii 0.05 kwa sekunde litafika wapi baada ya dakika 3?
3. Kwa nini mkono mzima hupimwa kwanza?