SIKU YA MWISHO NAMUGONGO: KUSHUKA MLIMANI

Somo la kusoma kwanza: Luka 9:28-43



Kila ikikaribia tarehe 3 Juni, mabasi ya mahujaji huondoka pande zetu za Shinyanga na Geita kwenda Namugongo, Uganda. Mwaka niliokwenda mimi, tulikuwa kundi la wanafunzi na walezi wetu. Mengi yameshaandikwa kuhusu safari ya kwenda. Leo nataka tujifunze kuhusu siku ya mwisho, maana hiyo ndiyo iliyonishinda.

Asubuhi ile watu walikuwa wanagombania nafasi ya vidumu. Ndiyo, vidumu! Kila mmoja alitaka kurudi na maji ya Namugongo, rozari za bibi, na kitenge cha mama. Mimi nilikuwa na dumu moja la lita tano, na nilishapanga ni la mama. Baba hakuwemo kwenye hesabu.

Niwaambie ukweli. Baba yangu anachimba almasi kwa mkono, huko nje ya mgodi mkubwa wa Mwadui. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili waliotengwa kwa ajili ya ada yangu, pesa akaiingiza kwenye shimo, na shimo halikutoa kitu. Safari yenyewe nililipiwa kwa mchango wa jumuiya. Kwa miezi saba nilikuwa namwamkia kwa sababu ya adabu tu, halafu napita.

Kwenye Misa ya kuagana, padre mlezi wetu alituambia: "Kila mmoja amtaje moyoni mtu ambaye hataki kukutana naye akifika nyumbani." Akanyamaza. Jamani, ule ukimya ulikuwa mrefu kuliko mahubiri yote. Nilitamani basi liharibike tubaki pale pale.

1. PETRO NAYE ALITAKA KUBAKI

Kwenye somo letu Petro anaona utukufu wa Bwana, anasema ajenge vibanda vitatu. Ni nani asiyependa kubaki mahali pazuri? Lakini Yesu anashuka nao kesho yake. Na chini ya mlima anamkuta nani? Baba mmoja anayelia kwa ajili ya mwanawe wa pekee. Yesu anamponya mtoto, kisha anamrudisha kwa baba yake. Kwa hiyo utukufu wa mlimani ulikuwa na njia ya kushuka, na njia ile iliishia kwenye shida ya nyumba ya watu.

2. MASHAHIDI HAWAKUFUNDISHWA NAMUGONGO

Sisi tunakwenda Namugongo kwa sababu pale Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Lakini imani yao haikuanzia kwenye moto.

Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879, wakiwa wamevuka ziwa kutoka upande wetu huu wa Usukuma. Mwaka 1882 hali ikawa mbaya, wakaondoka, wakaja kukaa kusini mwa ziwa, na misheni yao ikawa Bukumbi, karibu na Mwanza. Walirudi Buganda mwaka 1885. Karibu miaka mitatu yote, waamini wale wachanga walikaa bila padre! Hakuna Misa, hakuna kitubio. Yosefu Mukasa Balikuddembe na wenzake ndio waliowakusanya wengine na kuwafundisha, huku wakiendelea na kazi zao za kila siku ikulu. Mukasa alipouawa Novemba 1885, Lwanga alibatizwa usiku ule ule, akashika nafasi yake. Na Lwanga ndiye aliyembatiza Kizito, kijana wa miaka kama 14, siku chache kabla ya kifo chao.

Unaona? Ushujaa wao ulilelewa katika siku za kawaida, padre akiwa mbali. Tuliporudi tulivuka Busisi kwa kivuko, na mlezi akatuonyesha upande ilipo Bukumbi. Tulikuwa tumesafiri mpaka nchi nyingine kutafuta imani, kumbe njia yake imepita hapa jirani.

3. CHEKECHA ULICHOLETA

Sisi wa Mwadui tunajua: tani nyingi za mawe huoshwa ili zipatikane karati chache. Hija nayo ni hivyo hivyo. Picha, nyimbo na vitenge ni mawe na udongo. Si vibaya, lakini chekecha. Kinachobaki mkononi ukifika mlangoni kwenu, hicho ndicho ulichopewa na Mungu.

Nilifika nyumbani usiku. Mama alikuwa amelala. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda.

"Umerudi, ng'wanawane?"

"Shikamoo, baba. Nimerudi."

"Marahaba. Nilikuwa barabarani tangu saa kumi, nikadhani basi limepata shida."

Sikuwa na hotuba. Nilimpa lile dumu. Akauliza, "Hili si la mama yako?" Nikasema, "Ni lako, baba." Nikakaa chini karibu naye. Tulikaa muda mrefu. Ada haikupatikana usiku ule, na ng'ombe hawakurudi. Lakini kesho yake tulikunywa uji pamoja, na akaniambia mwenyewe habari za lile shimo, bila mimi kumuuliza.

Maji yale hayana uchawi, vijana. Ukimpelekea mtu maji ya baraka huku umemnunia, umebeba mzigo bure.

MASWALI YA KUTAFAKARI

- Ni nani unayemkwepa unaporudi kutoka hija, semina au kambi ya vijana?
- Padre asipokuwepo kigangoni kwenu mwezi mzima, wewe unafanya nini kulinda imani ya wenzako?
- Safari yako ya mwisho ya kiroho ilikuachia nini baada ya kuchekecha?

SALA

Ee Bwana Yesu, ulishuka mlimani ukamkuta baba anayelia. Utufundishe nasi kushuka. Utupe ujasiri wa kuanzia nyumbani kwetu, kwa yule tunayempita bila kumtazama. Watakatifu mashahidi wa Uganda, mtuombee. Amina.