Programu Iliyo Ndani ya Mashine ya Tiba: Kisa cha Therac-25

Pampu ya dripu, kipimo cha sukari, mashine ya kupumulia: ndani ya kila kimojawapo mna kompyuta ndogo inayoongozwa na programu iliyopachikwa kiwandani. Mhudumu haioni wala mgonjwa haijui, ilhali tiba huitegemea. Namna programu hiyo inavyotungwa na kujaribiwa si jambo la mafundi peke yao, kama kinavyoonyesha kisa cha Therac-25, mashine ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki.

Mashine hiyo ilitibu kwa elektroni, kwa mkondo hafifu, au kwa eksirei, iliyohitaji mkondo mkali zaidi kwa takriban mara mia. Mkondo mkali ulipaswa kugonga kwanza kipande cha chuma, usimfikie mgonjwa moja kwa moja. Mashine zilizotangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vya vyuma vya kulihakikisha hilo. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu pekee. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo hatari ilipozaliwa.

Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mwendeshaji aliandika herufi ya eksirei mahali pa ile ya elektroni, akarudi upesi kusahihisha. Mashine ilihitaji sekunde 8 hivi kupanga sumaku zake; sahihisho lilipofanyika ndani ya muda huo, sehemu moja ya programu ililipokea na nyingine haikulitambua. Kioo kikaonyesha hitilafu namba 54, pasipo maelezo ya maana. Mwendeshaji, aliyekwisha kuzoea mashine kusimamasimama, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa alikuwa akiungua peke yake chumbani: siku hiyo kamera haikuunganishwa, na chombo cha sauti kilikuwa kibovu.

Mafundi walikuja, hawakuona kasoro, mashine ikarudishwa kazini. Aprili akaumia mgonjwa wa pili. Ndipo mwanafizikia wa hospitali na mwendeshaji huyo walipoketi na kurudia hatua zile tena na tena, hadi hitilafu ikajitokeza. Siri ilikuwa kasi ya kuchapa! Mjaribu anayechapa polepole asingeigundua kamwe.

Ajali ya Januari 1987, huko Yakima, ilitokana na kasoro nyingine. Kihesabio kimoja kiliongezwa 1 kila mzunguko, na sifuri ilimaanisha kwamba hakuna haja ya kukagua mkao wa mashine. Kwa kuwa kilitosha baiti moja tu, kilipofika 255 kilirejea sifuri, na kwa kitambo kidogo ukaguzi ukarukwa. Tiba yake ilikuwa nyepesi: kuweka namba isiyobadilika badala ya kuongeza.

Kwa hiyo, mhudumu, kifaa kikitoa hitilafu usiyoielewa, simamisha tiba na umwendee mgonjwa kwanza. Kisha andika namba ya hitilafu, saa, toleo la programu, na vitufe ulivyobonyeza kwa mfuatano wake, hata ulichokosea ukakirekebisha. Nawe mgonjwa, ukihisi kuungua au mshtuko, sema papo hapo, hata ukiambiwa kwamba mashine haiwezi kukosea. Wagonjwa wa Therac-25 waliambiwa hivyo.