Wimbi Lisilo na Upepo

Katika kikundi kimoja cha wavuvi tunachokitembelea huku Pwani, mashua ilipinduka asubuhi moja ikitoka kwenye mlango wa mwamba. Watu waliokolewa, lakini nyavu, ambazo mkopo wake bado unalipwa, zilikwenda. Upepo haukuwako. Basi maneno yakaanza: huu ni mkono wa mtu. Mzee mmoja jirani akanyooshewa kidole, na tulipofika pale alikuwa ameshahamia kwa binti yake. Ndiyo sababu somo la mwezi huu ni juu ya mawimbi.

Wimbi huzaliwa na upepo, sawa, ila si lazima uwe upepo wa hapa. Kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kuelekea Antaktika, dhoruba huvuma karibu mwaka mzima. Mawimbi yakishaanza huko huendelea na safari hata upepo ukiisha. Yale yanayopishana kwa sekunde 20, nguvu yake husafiri kama kilomita 56 kwa saa. Kilomita 5,000 ni siku nne hivi. Ya sekunde 10 huchukua muda mara mbili, na mengi hufifia njiani.

Tuseme matatu na lori zimeondoka Nairobi pamoja. Ukiwa Athi River utaona zimeachana kidogo tu. Ukiwa Mtito Andei utalingoja lori mpaka uchoke. Kwa hesabu ya namna hiyo, Walter Munk wa Marekani na wenzake walipima mawimbi kwenye kisiwa cha Guadalupe, Mexico, katika miaka ya 1950, wakagundua mengine yalitoka hii Bahari ya Hindi yetu. Mwaka 1963 waliyafuatilia mawimbi ya kusini kutoka New Zealand hadi Alaska.

Huko kusini kuna pia barafu ya bahari. Mwezi wa Septemba hutanda kama kilomita za mraba milioni 18, yaani Kenya zaidi ya 30. Barafu humeza mawimbi mafupi upesi, kama magugu ya Ziwa Viktoria yanavyotuliza maji. Marefu hupenya. Mwaka 2012 watafiti waliweka vyombo vya kupimia juu ya vipande vya barafu, wakaona mawimbi makubwa yakiingia mamia ya kilomita na kuivunja.

(Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ni jambo jingine, ile ililetwa na tetemeko la ardhi.)

Turudi mlangoni. Penye kina, wimbi refu huinua chombo polepole na kukishusha, hata hulioni. Likifika mwambani hupungua mwendo, likajikusanya, likasimama na kuvunjika. Tena huja kwa makundi: machache makubwa, kisha kimya cha dakika kadhaa. Kimya hicho ndicho kilichowadanganya vijana wetu. Afadhali nahodha atazame mlango robo saa nzima kabla ya kutoka, na ahesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikifika 15 au zaidi, hilo ni la mbali.

Tulihesabu pamoja na kikundi kwa saa ya simu, tukapata 16. Watu wakanyamaza. Wawili wamekubali kwenda kwa yule mzee, nasi tutaandamana nao Jumamosi.